Shajara ya mradi: kinu cha Kariobangi na mota ya kilowati 22 inayoungua

Hali tuliyoikuta

Ni kinu cha kusaga mahindi pale Light Industries, Kariobangi, Nairobi. Kina mota nne: ya kusagia ya kW 22, ya kukoboa ya kW 11, ya lifti ya mahindi ya kW 2.2 na ya chekeche ya kW 1.5. Zote zikiwa kazini pamoja, njia (waya zinazoleta stima) hubeba ampea 71 hivi. Stima inatoka kwenye transfoma ya nguzoni ya kVA 200, volti 11,000 kwa 433. Inafika kwenye mita ya stima, na kutoka hapo kebo ya mita 95 inapita nyuma ya karakana mbili za maseremala mpaka kwenye paneli ya kinu.

Malalamiko: mota ya kusagia imeungua mara tatu ndani ya miezi kumi. Mara mbili za kwanza ilisukwa upya, ikarudishwa mahali pake, ikaungua tena; safari hii iko kwa msukaji, na mahali pake pamefungwa nyingine kama hiyo. Taa hufifia kinu kinapowashwa. Ovalodi (kifaa cha kukata stima mota ikivuta mkondo kupita kiasi) ya mota ya kukoboa hukata karibu kila alasiri, na ile ya mota ya kusagia haijawahi kukata hata siku moja.

Mama mwenye kinu alituambia, "Fundi, hiyo ya kukoboa nibadilishieni, inanisumbua. Hii kubwa iacheni, haina neno." Hapo ndipo tulipoanzia. Ovalodi iliyonyamaza mota ikiungua mara tatu mbele yake ina neno kubwa.

Siku ya 1: vibao na mipangilio

Kabla ya kupima chochote tumenakili vibao vya mota zote. Cha mota ya kusagia kilikuwa kimefunikwa na unga ulioshikana na grisi, tukakisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka maandishi yakaonekana: kW 22, volti 415 delta, ampea 39.5, Hz 50, mizunguko 1,470 kwa dakika, insulesheni daraja F. Kila namba itakayofuata katika shajara hii inalinganishwa na kibao hicho.

Kifuniko cha feni nyuma ya mota kimeziba nusu, na kati ya mapezi ya mwili wake kuna unga wa karibu sentimita moja. Mota ya aina hii haivuti hewa ndani. Hujipoza kwa upepo wa feni unaopita juu ya mapezi, kwa hiyo unga ule ni sawa na kuivisha blanketi. Tumeusafisha kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi. Hatukutumia upepo wa kompresa, kwa sababu vumbi la unga likitanda hewani na kukutana na cheche hulipuka.

Paneli ya mota ya kusagia ni ya staa-delta, yaani huiwasha mota kwa upole koili zikiwa zimeungwa staa, kisha huziunga delta kwa nguvu kamili: kontakta (swichi zinazovutwa kwa sumaku) tatu na taima. Ovalodi imefungwa chini ya kontakta kuu, na waya zake zinakwenda moja kwa moja kwenye U1, V1 na W1 za mota, yaani mianzo ya koili zake tatu. Imewekwa ampea 39.5, sawa kabisa na kibao. Wengi huweka hivyo, na ni kosa. Mota ikishaingia delta, ovalodi iliyo mahali hapo haioni mkondo wote wa njia. Inaona mkondo wa koili peke yake, ambao ni mkondo wa njia mara 0.58. Kipimo sahihi hapo ni 39.5 × 0.58, yaani ampea 22.9. Ikiwekwa 39.5, mota inaweza kuvuta ampea 68 kwenye njia kabla ovalodi haijaanza hata kufikiria kukata. Kumbe ndiyo maana haikukata.

Ovalodi yenyewe ni ya ampea 30 hadi 40, kwa hiyo haiwezi kushushwa mpaka 23. Tumeagiza ya 17 hadi 25.

Mota ya kukoboa huwashwa moja kwa moja, ovalodi yake iko kwenye njia kamili na imewekwa ampea 20 kama kibao kinavyosema. Haina ubovu wowote. Kwenye paneli nzima ndiyo peke yake iliyokuwa ikisema kweli.

Siku ya 2: volti, kwanza bila mzigo, kisha na mzigo

Saa kumi na mbili asubuhi, mota zote zikiwa zimezimwa, tulipata volti 421, 419 na 420 penye mita, na namba hizohizo kwenye paneli. Fundi aliyekuja kwa dakika kumi wakati kama huo angeandika kwamba stima ni nzuri. Volti zinazopimwa bila mzigo hazisemi lolote kuhusu kebo wala viungo, maana pasipo mkondo hakuna kinachopotea njiani.

Saa nane mchana, mota zote nne zikisaga na kukoboa, tulipima sehemu tatu kwa mfuatano bila kubadilisha mzigo. Fezi ni zile waya tatu zinazoleta stima: R ni nyekundu, Y ni ya manjano, B ni ya buluu.

Penye mita: R-Y 409, Y-B 396, B-R 401.
Kwenye paneli: R-Y 393, Y-B 378, B-R 384.
Kwenye boksi la mota ya kusagia: R-Y 391, Y-B 375, B-R 381.

Wastani pale kwenye mota ni volti 382, yaani asilimia 92 ya volti 415 za kibao. Nguvu ya kuzungusha hufuata volti mara zenyewe, kwa hiyo mota imebaki na asilimia 85 ya nguvu yake ya kuwakia. Kikubwa zaidi ni kwamba fezi hazilingani. Namna ya kukokotoa ni hii: chukua volti iliyo mbali zaidi na wastani, toa tofauti, gawa kwa wastani. Hapa 391 imeuzidi wastani kwa 9, ambayo ni asilimia 2.3. Inaonekana ndogo. Lakini mota huikuza: tofauti ya mikondo kati ya fezi kwa kawaida huwa mara sita hadi kumi ya tofauti ya volti. Klampu mita (kipimo kinachokumbatia waya na kusoma ampea) ilionyesha R ampea 49, Y 40, B 41.

Hapa pana mtego unaowapoteza wengi. Fezi iliyovuta zaidi ni nyekundu, ilhali nyekundu ndiyo iliyo nzima. Iliyo dhaifu ni buluu. Mtu akifuata ampea peke yake atafungua viungo vya nyekundu, avikute safi, kisha ahukumu kwamba koili za mota zimesukwa vibaya.

Kuna jaribio la kutenganisha mawili hayo. Zima, funga swichi kuu kwa kufuli, hakikisha hakuna stima, kisha hamisha waya zote tatu zinazoingia juu ya kontakta kuu na ya delta hatua moja: R iende mahali pa Y, Y mahali pa B, B mahali pa R. Zikihamishwa zote tatu kwa mpangilio huo, mota haigeuki nyuma. Washa upya na upime. Ampea kubwa ikibaki kwenye waya uleule wa stima, ubovu uko upande wa stima. Ikihama pamoja na koili, ubovu uko ndani ya mota. Kwetu ilibaki kwenye nyekundu. Mota haikuwa na hatia.

Siku ya 3: kiungo cha ukutani

Kebo ile ya mita 95 si moja. Mita 60 za kwanza ni shaba ya mm² 16. Mita 35 za mwisho ni alumini ya mm² 25, iliyoungwa ndani ya boksi ukutani nyuma ya karakana ya pili. Shaba ya 16 hupoteza milivolti 2.4 kwa kila ampea kwa kila mita, alumini ya 25 hupoteza 2.5. Kwa ampea 71 hesabu inatoa volti 16.4. Vipimo vya jana vinaonyesha R-Y ilipoteza 16, sawa na hesabu, ila Y-B ilipoteza 18 na B-R 17. Volti hizo za ziada zote zinagusa B, basi ni lazima kuna kitu kwenye buluu.

Boksi lilifunguliwa mzigo ukiwa kazini, watu wawili, glavu za volti 1,000 na miwani. Ncha moja ya multimita ilishikizwa kwenye shaba kabla ya kiungo, nyingine kwenye alumini baada ya kiungo, fezi ileile. Kiungo kizuri kinatakiwa kusoma karibu na sifuri. Nyekundu: volti 0.04. Manjano: 0.05. Buluu: 2.0.

Volti 2 kwa ampea 71 ni wati 142 zinazowaka ndani ya kiungo kisichozidi kidole gumba. Kipimajoto cha miale kilisoma nyuzi 96 hapo, na 41 kwa majirani zake. Plastiki ya buluu ilikuwa imekauka ikawa rangi ya kahawa sentimita tatu kila upande, na ukiigusa kwa bisibisi inavunjika kama ganda la yai.

Sababu: alumini ilibanwa kwa lagi (kiatu cha metali cha mwisho wa waya) ya shaba tupu. Alumini ikipata hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba usiopitisha stima. Ikigusana na shaba penye unyevu, huliwa. Tena ni laini: ikipata joto hutanuka na kujisukuma nje, ikipoa haijai tena mahali pake, na kila siku kinu kinapowashwa na kuzimwa bolti hulegea kidogo. Ukilazimika kuunga shaba na alumini, tumia lagi ya metali mbili, sugua alumini kwa brashi ya waya ukiwa umeshaipaka grisi ya viungo, kisha ubane kwa koleo la haidroliki lenye meno ya saizi ile hasa. Nyundo na patasi haifai kabisa.

Tumelikataa kabisa wazo la kukarabati kiungo na kuiacha kebo. Hata kikiwa kipya, volti 16 zitaendelea kupotea njiani. Kebo moja ya shaba mm² 35, isiyo na kiungo, itapoteza 1.1 × 95 × 71, yaani volti 7.4. Tulifikiria pia ya 50, ila bei yake inapanda kuliko faida ya volti mbili zitakazookolewa.

Siku ya 4: kuisoma mota iliyoungua

Mota ya mwisho kuungua ilikuwa bado haijakatwa koili, bahati nzuri. Koili zilizoungua husomeka. Zote zikiwa nyeusi sawasawa pande zote, mota ilizidiwa mzigo au ilikosa upepo. Kwenye mota ya delta, fezi moja ikiwa mkaa na mbili safi, fezi moja ya stima ilikatika. Kwenye mota ya staa kukatika huko huunguza fezi mbili na kuacha moja. Shimo moja dogo lenye shaba iliyoyeyuka ni insulesheni iliyotoboka. Hii yetu ilikuwa na fezi moja nyeusi kabisa na mbili zilizobadilika kuwa kahawia: volti zisizolingana pamoja na mzigo wa kupita kiasi, kwa muda mrefu, bila ovalodi ya kukata.

Kila nyuzi 10 juu ya joto ambalo insulesheni imetengenezewa hupunguza maisha yake kwa nusu hivi. Hakuna msukaji, hata awe hodari vipi, anayeweza kusuka mota itakayovumilia hali ile.

Siku ya 6: transfoma

Penye mita bado kulikuwa na tofauti ya fezi, na huo si upande wetu. Mita na fyuzi za kabla yake zina sili, hatugusi. Tuliipelekea kampuni ya umeme vipimo vyetu vya asubuhi na mchana vikiwa na saa zake. Barua yenye namba hujibiwa upesi kuliko malalamiko ya "stima ni mbaya."

Mafundi wao walipima chini ya transfoma saa nane na nusu mchana: R ampea 171, Y 190, B 254, nyutro (waya wa kurudishia mkondo) 75. Uwezo wa transfoma hii ni ampea 267 kwa kila fezi, kwa hiyo buluu ilikuwa imekaribia kujaa huku nyekundu ikiwa na nafasi ya karibu ampea 100. Nyumba nyingi za fezi moja na mashine za kuchomelea zimejikusanya kwenye buluu.

Palikuwa na pendekezo la kupandisha tepu ya transfoma, yaani swichi ya kuchagua volti inazotoa, hatua moja. Hatua moja ni asilimia 2.5, kama volti 10, na hubadilishwa transfoma ikiwa imezimwa. Tulishauri isifanywe. Asubuhi volti zilikuwa tayari 420. Zingefika 430, sawa na 248 kati ya fezi na nyutro, na friji na balbu za majirani ndizo zingeumia. Isitoshe, tepu hupandisha fezi zote tatu pamoja, tofauti yao ikabaki vilevile.

Badala yake walihamisha baadhi ya laini za nyumba kutoka buluu kwenda nyekundu na manjano. Kipimo cha baadaye: 203, 204, 208. Nyutro ilishuka mpaka ampea 22 lakini haikufika sifuri, hata fezi zikilingana. Chaja, balbu za LED na mashine za kisasa za kuchomelea hutia mikondo ya Hz 150, mara tatu ya Hz 50 za stima, ambayo haifutani kwenye nyutro, hujumlishana. Ndiyo sababu nyutro isipunguzwe unene kwa hoja kwamba "haibebi kitu."

Tuliwaomba pia wakaze nyutro ya transfoma wakiwa juu. Nyutro ikiachia, fezi yenye mzigo mwepesi hupanda kuelekea volti 300 na yenye mzigo mzito huzama. Jirani akisema taa zake zimewaka kupita kiasi wakati za mwingine zimefifia, zima swichi kuu kwanza, maswali baadaye.

Siku ya 8: kununua kebo

Mita 100 za shaba, kori nne, mm² 35, yenye kivita cha nyaya za chuma. Tulizunguka Luthuli na Kirinyaga Road. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ipo kwenye karibu kila kebo, kwa hiyo tulipima wenyewe.

Omba kipande cha mita moja, kikate kwa rula, ivue kori moja plastiki yote, uiweke kwenye mizani ya jikoni. Shaba ya mm² 35 kamili ina gramu 313 kwa mita. Viwanda hupimwa kwa ukinzani (kiasi waya unavyouzuia mkondo) na si kwa unene, kwa hiyo kebo halali inaweza kuwa nyepesi kidogo. Kuanzia 295 tunaikubali. Kipande cha duka la kwanza kilikuwa na gramu 248, ambayo ni kama mm² 28 iliyoandikwa 35. Alumini iliyopakwa shaba ingekuwa nyepesi zaidi: alumini tupu ya 35 ina gramu 95. Ikwangue kwa kisu, ukiona weupe chini ya wekundu, iache hapohapo.

Roli ya duka la tatu ilipita mizani, tukaipima na ukinzani. Multimita ya kawaida haiwezi kusoma ohm 0.05. Pitisha ampea 10 za DC kwenye kori moja ya mita 100, kisha soma volti kati ya ncha mbili, ncha za multimita zikiwa ndani ya viungo vya mkondo na si juu yake. Kikomo ni volti 0.524 kwa nyuzi 20. Mchana ule ulikuwa nyuzi 24, tukapata 0.53 kwenye kori zote nne. Joto huongeza ukinzani wa shaba kwa asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo kebo iko sawa.

Siku ya 10 na 11: mtaro na erthi

Mtaro una kina cha sentimita 60, mchanga chini na juu ya kebo, kisha vigae vya hatari na utepe. Udongo wa hapa ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huivuta kebo. Tumeacha mzunguko wa mita moja na nusu kila mwisho ili mvuto usifike kwenye glandi (kibanio cha mwisho wa kebo), na mchanga umezunguka kebo pande zote ili ufa wa udongo usiishike.

Udongo huohuo ndio ulioiharibu erthi. Kulikuwa na nondo moja ya mita 1.5, na kando yake ufa ulioweza kuingiza kidole. Ukiitikisa nondo inacheza. Kipimo: ohm 38. Tuliongeza nondo mbili kwa umbali wa mita 3 kila moja, ndani ya mashimo yaliyojazwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika unyevu), tukaziunganisha kwa shaba ya mm² 25. Sasa ni ohm 11.

Ohm 11 si ruhusa ya kulala. Fezi ikigusa mwili wa mota, volti 240 kwa ohm 11 zitapitisha ampea 22 tu, na breka ya 100 haitasikia kitu. Kwa hiyo tumeweka swichi ya mkondo unaovuja ya milliampea 300 mbele ya paneli. Kitufe chake kimejaribiwa, kisha ikapimwa kwa kifaa: inakata.

Siku ya 12: kuipokea mota kutoka kwa msukaji

Mota haifungwi kabla ya vipimo vinne, na karatasi yake inabaki kwenye mlango wa paneli.

Megga (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 kati ya koili na mwili, dakika moja: megaohm 210. Mota iliyosukwa upya ikiwa chini ya 5, vanishi haijakauka. Inarudi kwenye tanuri. Kipimo cha dakika 10 kikigawanywa kwa cha dakika moja kilitoa 2.6, na tunataka 2 au zaidi. Kati ya fezi na fezi, viunganishi vya boksi vikiwa vimetolewa: zaidi ya 200. Ukinzani wa koili tatu kwa mita ya miliohm: umetofautiana kwa chini ya asilimia 1.

Kipimo cha nne ndicho kinachorukwa zaidi: iwashe bila mkanda na upime ampea. Mota ya namna hii ikiwa tupu huvuta kama theluthi ya ampea za kibao. Tulipata 13, 13 na 14. Ingekuwa 22 au 25, msukaji amepunguza mizunguko ya waya, na mota ingeungua hata kwa stima safi.

Siku ya 13: kuwasha

Kontakta ya delta ilikuwa na vijishimo na masizi kwenye buluu, imebadilishwa yote. Usipige msasa ncha za kontakta; tabaka la fedha huisha na hazikai tena.

Taima ya staa ilikuwa sekunde 6. Kinu cha nyundo ni kizito na huchelewa kushika mwendo. Kwa sekunde 6 mota ilikuwa bado mbali na mwendo wake, ikaruka delta na kuvuta mkondo kama iliyowashwa moja kwa moja. Ndiko taa zilikokuwa zikififia. Tuliangalia klampu mita wakati wa staa: ampea hubaki juu, kisha zikaanza kushuka haraka kwenye sekunde ya 11. Tumeweka 13. Masharti ni kwamba kinu kiwashwe kitupu, mlango wa mahindi ukiwa umefungwa. Ukikiwasha na mahindi ndani, staa ina theluthi moja tu ya nguvu ya kuzungusha na haitafika.

Rilei ya kulinda fezi imewekwa: volti zikishuka chini ya 374 kwa sekunde 5, au fezi ikikatika, au mpangilio ukigeuka, inakata. Kugeuka kwa mpangilio si jambo la nadharia. Wakifanya kazi kwenye laini na kurudisha waya mbili kinyume, kinu kitazunguka nyuma.

Ovalodi mpya: ampea 23. Ilikata baada ya muda wa kazi, na wasagaji wakataka ipandishwe. Tulipima: njia ilikuwa na ampea 46, volti zikiwa nzuri. Basi mzigo wenyewe ulikuwa mkubwa. Nyundo za kinu zilikuwa zimelika pembe za upande mmoja na chekeche la milimita 1 limeziba nusu. Nyundo ziligeuzwa upande mzima, chekeche likabadilishwa, mlango wa mahindi ukarudishwa kidogo. Ampea zikawa 39, 38 na 39, ovalodi ikatulia.

Vipimo vya saa nane mchana, mzigo kamili. Penye mita: 406, 404, 407. Kwenye paneli: 399, 396, 400. Kwenye mota: 397, 395, 398. Tofauti ya fezi: asilimia 0.4. Ovalodi ya kukoboa haijakata, wala haikuguswa.

Siku ya 27

Viungo vyote vya paneli vimekazwa upya kwa spana ya kipimo. Viwili vya lagi za kebo mpya vilikubali robo ya mzunguko. Joto la viungo mzigo ukiwa kamili: kati ya nyuzi 34 na 38.

Kapasita, za kupunguza mkondo unaobebwa bila kufanya kazi (hupimwa kwa kVAr), zinasubiri. Mzigo huu unahitaji kama kVAr 12.5, ila kwa mikondo ya Hz 150 na zaidi tuliyoiona kwenye nyutro hatufungi kapasita mpaka mita ya kurekodi ikae kwenye paneli wiki nzima.

Unga kwenye mapezi umefika milimita 2 ndani ya wiki mbili, kwa hiyo usafi umepangwa kila Jumamosi jioni. Erthi itapimwa tena mwishoni mwa Februari, udongo ukiwa umepasuka.